Bawabu na Mwenye Nyumba: Historia ya Chaguo la "Popote" katika Kompyuta za Mac, 2007–2024

Tarehe 25 Julai 2012 kampuni ya Apple ilitoa toleo la 10.8 la mfumo endeshi wa kompyuta zake za Mac, lililopewa jina la Mountain Lion. Katika ukurasa wake wa mipangilio ya usalama na faragha mlikuwa na swali fupi: programu zilizopakuliwa ziruhusiwe kutoka wapi? Majibu yalikuwa matatu. La kwanza liliruhusu programu za Duka la Mac pekee. La pili liliongeza programu za wasanidi waliotambuliwa na Apple. La tatu lilikuwa neno moja tu, "Popote". Miaka minne baadaye jibu hilo la tatu liliondolewa katika ukurasa ule, na mwaka 2024 njia ya mkato iliyokuwa imesalia nayo ikafungwa. Hata hivyo mwenye kompyuta ya Mac bado aliweza kuendesha programu ambayo Apple haikuwahi kuiona. Kinachohitaji maelezo ya kihistoria, basi, si marufuku, kwa kuwa marufuku haikuwapo. Ni namna ruhusa ilivyoendelea kuwapo ilhali njia ya kuifikia ilirefushwa hatua kwa hatua, na namna udhamini wa programu ulivyohama kutoka kwa mtu anayeitumia ukaenda kwa kampuni iliyotengeneza mashine.

Insha hii inadai kwamba mabadiliko hayo hayaelezeki kwa haja ya usalama peke yake, wala kwa tamaa ya biashara peke yake. Kila kizuizi kilichoongezwa kilikuwa na hatari ya kweli nyuma yake. Lakini rekodi ya mashambulizi inaonyesha jambo ambalo hadithi rasmi ya usalama hulipita haraka: mara kadhaa adui aliingia kwa mlango wa mbele, akiwa na cheti halali mkononi, wakati kizuizi kilichofuata kikiwaangukia zaidi wale wasio na cheti.

Alama ya karantini

Chanzo cha habari hii kinatangulia mwaka 2012. Toleo la 10.5, lililotoka Oktoba 2007, lilileta mambo mawili ambayo wakati huo hayakuonekana kuwa na uhusiano mkubwa. La kwanza ni saini ya kidijitali ya programu, yaani hesabu ya siri inayomwezesha msanidi kuthibitisha kwamba programu ni yake na kwamba haijaguswa na mtu mwingine tangu alipoiachia. La pili ni karantini. Kivinjari au programu ya barua pepe ilipopakua faili, iliibandika alama isiyoonekana. Na mtumiaji alipolifungua faili hilo kwa mara ya kwanza, mfumo ulisoma alama ile ukamuuliza kama alikuwa na hakika.

Ni muhimu kuelewa udhaifu wa mpango huu, maana kila kilichojengwa baadaye kilijengwa juu yake. Alama haikubandikwa na mfumo wenyewe kwa kila kitu kilichoingia; ilibandikwa na programu iliyofanya kazi ya kupakua, ikiwa programu hiyo ilitengenezwa ili ifanye hivyo. Faili lililonakiliwa kutoka kwenye flashi, au lililovutwa kwa amri ya maandishi, liliweza kuingia bila alama yoyote. Aidha, mwenye kompyuta aliweza kuiondoa alama kwa amri moja. Karantini ilikuwa ukumbusho zaidi kuliko ukuta.

Mwaka 2009 toleo la 10.6 liliongeza orodha ya programu hasidi zinazojulikana, ambayo mfumo uliilinganisha na mafaili yenye alama ya karantini. Orodha ilianza na majina mawili. Moja lilihusu programu hasidi iliyosambazwa mapema mwaka huo ndani ya nakala za wizi za iWork, programu za ofisi za Apple yenyewe. Kwamba majina mawili yalitosha ni ushahidi wa jinsi tatizo lilivyohesabiwa kuwa dogo.

Hesabu hiyo ilivunjika Mei 2011. Programu iliyojiita Mac Defender ilijifanya kinga ya virusi, ikamtisha mtumiaji kwamba kompyuta yake imeambukizwa, kisha ikadai namba ya kadi ya benki ili "imtibu". Tarehe 31 Mei Apple ilitoa sasisho lililoitambua na lililoiwezesha orodha ya majina kujisasisha kila siku. Ndani ya saa chache waandishi wa Mac Defender walibadilisha programu yao kiasi cha kuikwepa orodha. Hapo ndipo kasoro ya njia ya zamani ilipokuwa wazi: orodha ya waovu hufuata nyuma ya uovu daima. Njia iliyobaki ilikuwa kuugeuza utaratibu, yaani kuwatambua wema na kumshuku kila mwingine.

Suluhu ya mwaka 2012

Wasanidi wa programu za Mac waliupokea mwelekeo huo kwa hofu, nao walikuwa na sababu. Duka la Mac lilifunguliwa tarehe 6 Januari 2011, na muda si mrefu Apple ikatangaza kwamba programu za dukani zitalazimika kufanya kazi ndani ya kizimba, yaani eneo lenye mipaka ambapo programu haigusi faili wala kifaa bila idhini iliyoombwa mapema. Tarehe ya sharti hilo ilikuwa Novemba 2011. Ikasogezwa hadi Machi 2012, kisha Juni mwaka huo huo. Wasanidi walikuwa na mfano wa simu ya iPhone mbele yao. Humo, tangu mwaka 2008, programu ziliingia kwa mlango mmoja tu, na Apple ndiyo iliyoushika ufunguo. Swali lililowasumbua lilikuwa kama kompyuta nayo ingefuata njia hiyo.

Mwishoni mwa mwaka 2011 Wil Shipley, msanidi aliyejulikana kwa kazi zake katika kampuni ndogo ya Delicious Monster, aliandika pendekezo tofauti. Badala ya kukagua kila programu na kuifungia kizimbani, Apple igawe vyeti kwa wasanidi. Programu itakayobainika kuwa hasidi, cheti chake kifutwe, nayo ikome kufanya kazi. Pendekezo hilo linafaa kukumbukwa kwa sababu linaonyesha kwamba wazo la cheti halikuwa la watawala pekee. Lilitoka pia kwa watawaliwa, waliolitazama kama kinga dhidi ya jambo baya zaidi.

Gatekeeper, iliyotangazwa tarehe 16 Februari 2012, ilifanana sana na pendekezo hilo. Msanidi alijiunga na mpango wa Apple kwa ada ya dola 99 kwa mwaka, akapewa cheti, akatia saini programu yake, akaisambaza popote alipotaka. Apple haikuikagua programu. Ilichojua ni mtu wa kumuuliza mambo yakiharibika. Jibu la kati ndilo lililowekwa tangu kiwandani. Aliyetaka kuendesha programu isiyo na saini bila kubadilisha mpangilio wowote aliweza kuibofya huku ameshikilia kitufe cha Control, akachagua kuifungua, akakubali onyo. Kwa vipimo vya wakati wake hii ilikuwa suluhu ya busara, na wengi waliokuwa na hofu walipumua.

Jina lenyewe lina la kusema. Gatekeeper ni bawabu, na msomaji wa Kiswahili anamjua bawabu kuwa ni mtumishi wa mwenye nyumba: hufungua kwa amri yake, hufunga kwa amri yake. Mwaka 2012 maelezo hayo yalikuwa sahihi. Mwenye nyumba aliweza kumwambia bawabu akae pembeni, na bawabu akakaa.

Tahadhari moja ya kihistoria inahitajika hapa. Aprili 2012, kati ya kutangazwa na kutolewa kwa Gatekeeper, kampuni ya usalama ya Doctor Web ilifichua kwamba programu hasidi ya Flashback ilikuwa imeingia katika kompyuta za Mac zaidi ya 600,000. Majira hayo humvuta mtu aziunganishe habari hizi mbili, kana kwamba ya kwanza ilihalalisha ya pili. Muunganiko huo si sahihi. Flashback ya mwaka 2012 ilipenya kwa tundu la Java lililokuwa halijazibwa katika Mac. Mtumiaji alitembelea tovuti iliyochafuliwa, na hakuwa na haja ya kupakua wala kufungua programu yoyote. Bawabu anayekagua wageni wanaobisha hodi asingemwona mgeni huyo.

Ada ya udhamini

Kwa kampuni, dola 99 kwa mwaka ni fedha ndogo. Uzito wake ulikuwa kwa watu wa aina nyingine: mwanafunzi aliyetengeneza kikokotoo cha bure, mtafiti aliyeandika programu ya kuchambua sauti za lugha, kikundi cha watu wa kujitolea wanaotunza programu huria bila mshahara. Kwao ada ilidai kadi ya benki inayokubalika, jina la kisheria, na kulipa kila mwaka kwa ajili ya kitu wanachokitoa bure. Wengine walilipa. Wengine, ama kwa ukata ama kwa msimamo, hawakulipa, na wakaandika katika kurasa zao maelekezo mafupi: bofya huku umeshikilia Control, chagua kufungua, usijali onyo.

Maelekezo hayo, yaliyoandikwa na watu waaminifu kwa nia njema, ni sehemu ya historia hii ambayo haijapewa nafasi inayostahili. Yalizoeza watumiaji wengi kuliona onyo kama ada ya kupita tu. Baadaye wadanganyifu hawakuhitaji kubuni lolote. Waliyaazima maneno yale yale, wakayachora kama picha ndani ya diski ya kusakinisha, na mshale ukielekeza mahali pa kubofya. Mwaka 2020 matoleo ya Shlayer yalionekana yakifanya hivyo hasa. Onyo linalowapata wasio na hatia mara nyingi kuliko wenye hatia hujiondolea uzito, na kosa hilo ni gumu kumbandika mtu mmoja.

Kuondolewa kwa "Popote"

Jibu la tatu halikufutwa kwa pigo moja. Kwanza mfumo ulifundishwa kulirudisha nyuma wenyewe: aliyechagua "Popote" akapitisha siku 30 bila kulitumia alikuta mpangilio umerejea kwenye ulinzi. Kisha, Septemba 2016, toleo la 10.12 lililoitwa Sierra liliacha majibu mawili tu katika ukurasa wa mipangilio. Aliyelitaka la tatu aliweza kulirudisha kwa kuandika amri katika dirisha la maandishi na kutoa neno la siri la msimamizi. Kitu kilichokuwa chaguo la kila mmiliki kikawa maarifa ya wachache.

Mwaka huo huo ulikuwa umeshatoa somo lililoelekea upande mwingine. Mwanzoni mwa Machi 2016 watafiti wa Palo Alto Networks waligundua KeRanger, programu inayoyafunga mafaili ya mtu na kudai fidia ili iyafungue. Ilikuwa imepandikizwa ndani ya Transmission 2.90, programu huria inayoaminika, na iliwafikia watu kupitia tovuti rasmi ya mradi wenyewe. Nayo ilikuwa na saini iliyotokana na cheti halali cha msanidi aliyetambuliwa na Apple. Mtumiaji aliyeacha mpangilio wa kiwandani, bila kugusa "Popote" hata siku moja, hakuona onyo lolote la ziada. Apple ilifuta cheti hicho upesi, na kufuta huko kulikuwa ndiko uwezo ambao mpango wa mwaka 2012 uliahidi. Lakini kufutwa kwa "Popote" miezi sita baadaye hakukuhusiana na tundu ambalo KeRanger ililipitia.

Ni haki kuongeza kwamba Sierra ilikuwa na marekebisho mengine yaliyolenga kasoro halisi. Mwaka 2015 mtafiti Patrick Wardle alikuwa ameonyesha kwamba programu yenye saini nzuri inaweza kutumiwa kubeba msimbo usio na saini ulioachwa kando yake katika folda. Sierra ilijibu kwa kuiendesha programu iliyopakuliwa kutoka mahali pa nasibu, mbali na majirani wake. Hilo lilikuwa jibu la kiufundi kwa hoja ya kiufundi. Kuondolewa kwa "Popote" kulikuwa kitu kingine: hatua juu ya tabia ya mtumiaji.

Muhuri na mipaka yake

Jibu la kweli kwa KeRanger lilikuja kati ya mwaka 2018 na 2020. Toleo la 10.14 lilianzisha utaratibu ambao msanidi huituma programu yake kwa Apple kabla ya kuisambaza. Mashine za Apple huichunguza kutafuta programu hasidi, kisha hutoa hati inayoambatanishwa nayo. Toleo la 10.15, lililotoka Oktoba 2019, liliufanya kuwa sharti, na masharti yake kamili yakaanza kutumika tarehe 3 Februari 2020. Cheti peke yake hakikutosha tena. Jina ambalo Apple iliupa utaratibu huu limeazimwa kutoka kwa afisa wa sheria anayethibitisha hati kwa muhuri, na kuazima huko kulikuwa sahihi kuliko pengine ilivyokusudiwa. Kila aliyewahi kupeleka hati ya kiapo kwa wakili anajua kwamba muhuri unathibitisha nani aliapa na lini; hauthibitishi kwamba alichoapia ni kweli.

Agosti 2020 tofauti hiyo ilidhihirika. Peter Dantini alikuta Shlayer, wakati huo miongoni mwa programu hasidi zilizoenea zaidi katika Mac, ikisambazwa ikiwa na muhuri wa Apple. Wardle aliichambua na kuthibitisha. Apple ikafuta vyeti. Siku chache baadaye nakala mpya zikaonekana, nazo zina muhuri.

Tarehe 12 Novemba mwaka huo huo, siku ya kutolewa kwa toleo la Big Sur, tatizo lilitokea upande wa pili. Mac huiuliza seva ya Apple kama cheti cha msanidi kingali halali. Seva hiyo ilipozidiwa, kompyuta katika nchi nyingi zilichelewa kufungua programu zilizokuwa zimesakinishwa zamani, wamiliki wakiwa hawajui kwa nini. Wakati huohuo ilijulikana kwa upana kwamba maulizo hayo yalisafiri bila kufichwa, kiasi kwamba aliyekaa njiani angeweza kukisia programu za msanidi yupi zinafunguliwa. Apple ilijibu kwamba maulizo hayo hayakubeba utambulisho wa mtumiaji wala wa kifaa chake, ikaacha kuhifadhi anwani za mtandao zilizoambatana nayo, na ikaahidi mawasiliano yaliyofichwa pamoja na uwezo wa mtumiaji kujitoa. Kwa mwanahistoria jambo kubwa zaidi ni lile ambalo tukio lilifichua: bawabu alikuwa akipiga simu mahali fulani kabla ya kufungua mlango, na wenye nyumba wengi walilijua hilo siku simu ilipokosa kupokelewa.

Aprili 2021 toleo la 11.3 liliziba kasoro iliyogunduliwa na Cedric Owens. Programu iliyopangwa kwa umbo fulani iliupita ukaguzi wote, wa saini na wa muhuri, bila onyo. Shlayer ilikuwa imeshaitumia tangu Januari.

Mac mahakamani

Mwezi uliofuata mjadala huu uliingia mahakamani huko Oakland, California, katika kesi ya Epic Games dhidi ya Apple. Kesi yenyewe ilihusu iPhone, ila Mac iligeuka kuwa kielelezo kilichogombewa na pande zote mbili. Hoja ya Epic ilikuwa rahisi: Apple yenyewe inauza kompyuta inayopokea programu kutoka popote na inaitangaza kuwa salama, kwa nini simu isiwe hivyo? Tarehe 19 Mei 2021 Craig Federighi, mkuu wa uhandisi wa programu wa Apple, alieleza chini ya kiapo kwamba kiwango cha programu hasidi katika Mac kilikuwa kikubwa kuliko ambavyo kampuni ilikikubali. Ushahidi huo ni wa thamani kwa sababu ya mahali uliposemwa. Kampuni ilipotaka kuulinda mlango mmoja wa simu, ililazimika kuulaumu uwazi wa kompyuta yake yenyewe, uwazi ambao mwaka 2012 iliuhifadhi kwa makusudi.

Mabadiliko ya msimamo huo yanasomeka pia katika maneno ya maonyo. Onyo la mwaka 2012 lilisema programu haiwezi kufunguliwa kwa kuwa imetoka kwa msanidi asiyetambulika. Kisichojulikana kilikuwa mtu. Onyo la toleo la 15, Sequoia, linasema Apple haikuweza kuthibitisha kwamba programu haina kitu kinachoweza kuidhuru Mac au kuhatarisha faragha, na kando ya kitufe cha kumaliza huwekwa kitufe cha kuitupa programu kwenye pipa la taka. Msanidi ametoweka katika sentensi. Mtendaji sasa ni Apple, na kutothibitisha kwake kunasikika masikioni mwa mtumiaji wa kawaida kama shutuma.

Mwaka 2024 milango miwili ilisogeleana. Machi, kwa kulazimishwa na sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya, Apple iliruhusu maduka mengine ya programu katika iPhone za nchi za Umoja huo, kwa sharti kwamba kila programu ipate kwanza muhuri wa aina ile iliyozaliwa katika Mac. Septemba, Sequoia ikaondoa njia ya kubofya kwa Control. Wadanganyifu hawakukawia, picha zao za maelekezo zilianza kumwomba mtu aburute faili hadi kwenye dirisha la amri, mahali ambapo bawabu haulizi. Mtumiaji mwaminifu wa programu isiyo na saini, kwa upande wake, alibakiwa na safari hii: ajaribu kuifungua, akataliwe, aende kwenye mipangilio, aufungue ukurasa wa faragha na usalama, ashuke hadi chini, abofye kitufe cha kuifungua hata hivyo, kisha atoe neno lake la siri. Mwaka 2012 ruhusa ya mmiliki ilidumu hadi aibadilishe mwenyewe. Baadaye ilidumu siku 30 isipotumika. Kitufe cha Sequoia, kwa maelezo ya Apple, huonekana kwa muda wa saa moja hivi baada ya jaribio la kwanza, kisha hutoweka.